Sindano ya HPV sasa ni moja tu. Mji wa Kale, tutafungua mlango?

Karatasi ya shule ilikaa juu ya friji ya dadangu pale Kibokoni siku nne bila kuguswa. Maneno yake yalikuwa machache: mtoto wako amefika miaka kumi, umri wa kuchanjwa dhidi ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Mzazi aseme amekubali ama amekataa, kisha atie sahihi.

Siku ya tano dadangu akanipigia simu. "Wewe kutwa uko kwenye intaneti. Hebu niambie, nitie sahihi ama nisitie?"

Mimi si daktari. Chuo chenyewe niliacha nikiwa mwaka wa pili. Lakini mtoto anayezungumziwa ni mpwa wangu, na kwetu mjomba hawezi kusema "mimi sijui, muulizeni mwingine." Nikamwambia anipe wiki moja nisome, niulize, kisha nimjibu. Haya hapa ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa sababu najua karatasi kama ile iko juu ya friji nyingi mjini sai, toka Kuze mpaka Majengo, toka Bondeni mpaka Tudor.

Ilianzia hapa hapa kwetu

Wengi wetu tumesahau kwamba chanjo hii ilizinduliwa kitaifa hapa Mombasa. Ilikuwa Oktoba 18, 2019, huko Ziwa la Ng'ombe, Nyali, na aliyezindua ni Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta. Kabla ya hapo serikali ilikuwa imeijaribu Kitui kuanzia 2013. Mpango ulikuwa rahisi kuuelewa: kila msichana wa miaka 10 apate sindano mbili bila malipo, ya pili ikiwa miezi sita baada ya ile ya kwanza.

Sasa hesabu na mimi kwa vidole. Oktoba 2019 ukiongeza miezi sita unafika Aprili 2020. Unakumbuka Aprili 2020 tulikuwa wapi? Tulikuwa ndani. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona. Aprili 8 kaunti nzima ya Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Mei 6, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akafunga Mji wa Kale wenyewe pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Wale wasichana wa kwanza kabisa waliodungwa nchini walitakiwa warudi kwa sindano ya pili wakati ambao hata kwenda Marikiti kununua vitunguu kulikuwa na shida.

Hata shule zilipofunguliwa, sindano ya pili iliendelea kuwa tatizo. Nchi nzima, wasichana wengi walipata ya kwanza wasirudi kwa ya pili. Si ajabu. Mtoto amehama shule, mama amebadilisha kazi, kadi imepotea, miezi sita imepita na hakuna aliyekumbusha. Ukitaka kujua kwa nini mpango wa afya umekwama, wakati mwingine hakuna haja ya kutafuta njama. Tazama tu maisha ya watu yanavyokwenda.

Ndipo mwaka 2025 Wizara ya Afya ikabadilisha utaratibu: kuanzia sasa ni sindano moja tu, na wanaolengwa ni wasichana wa miaka 10 hadi 14. Hii ndiyo karatasi iliyokuwa juu ya friji.

Wamepunguza dozi kwa sababu gani?

Swali la kwanza la dadangu lilikuwa hili. "Jana mbili, leo moja. Kwani walikuwa wanatudanganya jana ama wanatudanganya leo?"

Ni swali la haki kabisa, na jibu lake lina Wakenya ndani yake. Kuna utafiti unaoitwa KEN SHE, uliofanyiwa Kisumu, Thika na Nairobi. Profesa Nelly Mugo wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ni mmoja wa waliouongoza. Walishiriki wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Wengine walidungwa sindano moja ya HPV, wengine wakadungwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo ili kuwe na kundi la kulinganisha. Baada ya miezi 18, sindano moja ilikuwa imezuia asilimia 97.5 ya maambukizi ya kudumu ya virusi aina ya 16 na 18. Hizo aina mbili peke yake ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani. Walipoendelea kufuatilia hadi miaka mitatu, kinga ilikuwa ingali pale pale.

Matokeo hayo yalitolewa 2022. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani, WHO, likasema nchi zinaweza kutumia sindano moja kwa wasichana. Tanzania ikahamia sindano moja Aprili 2024. Sisi ambao mabinti zetu ndio walioshiriki utafiti tukafuata 2025. Yaani dunia ilisoma daftari letu kabla yetu wenyewe kulifungua. Hilo ni la kuwauliza wakubwa, lakini halibadilishi kilichoandikwa ndani ya daftari.

Kuna tahadhari moja. Kwa wasichana wanaoishi na virusi vya Ukimwi, au ambao kinga ya mwili wao ni dhaifu kwa sababu nyingine, WHO bado linasema moja haitoshi, wapate mbili au tatu. Kama hilo linakuhusu nyumbani kwako, mwambie muuguzi mapema, faraghani.

Je, inafanya kazi kweli?

Hapa lazima niseme ukweli wote, hata ule usiopendeza kwa wanaoipigia debe chanjo. Kwa Kenya bado hatujaona saratani ikipungua kwa sababu ya chanjo, na hatutaiona leo wala kesho. Virusi hivi vikikaa mwilini huchukua kawaida miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani. Msichana aliyedungwa 2019 akiwa na miaka 10 bado ni kijana mdogo. Faida yake tutaihesabu miaka ya 2040, tukijaaliwa uzima.

Lakini wako waliotutangulia. Uingereza ilianza kuchanja wasichana 2008. Mwaka 2021 jarida la Lancet lilichapisha hesabu zao. Kati ya waliopata nafasi ya kuchanjwa wakiwa na miaka 12 hadi 13, saratani ya mlango wa kizazi ilipungua kwa asilimia 87. Waliochanjwa wakiwa 14 hadi 16, ilipungua kwa asilimia 62. Waliochanjwa wakiwa 16 hadi 18, asilimia 34. Halafu mapema 2024 Scotland ikatoa yake: kati ya wanawake waliokamilisha chanjo wakiwa na miaka 12 au 13, hawakupata hata mgonjwa mmoja wa saratani hii.

Tazama tena zile namba tatu za Uingereza: 87, 62, 34. Chanjo ni ile ile, kilichobadilika ni umri. Hapo ndipo lilipo jibu la swali ambalo kina mama wengi wananiuliza: "Mbona mtoto wa miaka kumi, kwani yeye ana nini?" Hana kitu, na ndiyo maana. Chanjo hii haitibu virusi vilivyokwisha kuingia. Inazuia vile ambavyo havijaingia. Ni kama kupaka mashua deheni: unapaka ikiwa nchi kavu, hungoji ianze kuingiza maji katikati ya bahari.

Maneno ya barazani

Niliketi na watu. Niliuliza kwenye baraza la wanaume baada ya Alasiri, nikaomba dadangu aulize kwa kina mama, nikasoma na grupu tatu za WhatsApp mpaka macho yakauma. Maneno yanayorudi ni matatu.

La kwanza: *itawafanya wasichana wasizae.* Hili ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa sababu linagusa kitu ambacho kila mzazi anakiogopa. Kamati ya WHO inayofuatilia usalama wa chanjo imelichunguza suala hili na haikupata ushahidi kwamba chanjo ya HPV inaleta utasa. Nchi zilizoanza zamani zina kizazi kizima cha kina mama waliochanjwa utotoni na leo wananyonyesha. Rwanda ilianza 2011, ya kwanza barani Afrika kuchanja nchi nzima, na wasichana wake wa wakati ule sasa ni watu wazima wenye watoto.

Na hapa kuna jambo ambalo grupu za WhatsApp hazilisemi. Kinachomwondolea mwanamke uzazi ni saratani yenyewe. Ikishaenea, matibabu yake mara nyingi ni kutolewa kizazi, au kuchomwa na miale inayoharibu hata mayai. Mtu anayeogopa binti yake asikose watoto, huu ndio ugonjwa wa kuogopa.

La pili: *ni halali hiyo?* Watu wanauliza kama ndani mna kitu cha nguruwe. Chanjo ya Gardasil, ambayo ndiyo Kenya ilianza nayo, haina jelatini. Haina hata virusi hai wala vilivyokufa. Ndani yake kuna protini tu, umbo la nje la kirusi bila chochote tumboni, na protini hiyo inatengenezwa kwa kutumia hamira, ya jamii ile ile inayofurisha unga wa mahamri. Mwili unaliona lile umbo tupu, unajifunza sura yake, siku mwenyewe akija anakuta ulinzi umeshawekwa. Abu Dhabi ilianza kuwapa wasichana wake shuleni 2008, Malaysia 2010. Hizo si nchi ambazo mtu atasema hazijali halali na haramu.

La tatu linasemwa kwa sauti ya chini: *ukimchanja mtoto kwa ugonjwa wa zinaa, si umempa ruhusa?* Nalielewa. Mji huu unaheshimu staha, na mimi mwenyewe naandika hivi huku nikifikiria mamangu atasoma. Lakini tafiti zilizofanywa Marekani na Kanada zilipolinganisha wasichana waliochanjwa na wasiochanjwa, hazikukuta waliochanjwa wakianza ngono mapema zaidi. Mtoto wa miaka kumi anachokumbuka ni kwamba mkono uliuma siku mbili.

Na tuseme lile lingine ambalo hatulisemi. Binti anaweza kutunzwa vizuri, akasoma madrasa, akaolewa akiwa bikira, nderemo zikapigwa mpaka alfajiri, na virusi akavipata kwa mumewe wa ndoa. Bwana harusi naye hana habari, kwa sababu mwanamume anaweza kuvibeba miaka bila dalili yoyote. Kutahiriwa kunapunguza, utafiti wa Rakai nchini Uganda ulionyesha hivyo, lakini hakumalizi. Karibu kila mtu anayefanya tendo la ndoa hukutana na HPV wakati fulani maishani. Wengi mwili huiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ni wale ambao haiondoki ndio wanaokuja kuumwa. Kwa hivyo tukiigeuza kuwa mtihani wa tabia, tunawaadhibu wanawake waliofanya kila tulichowaambia wafanye.

Imani ilivunjikia wapi

Lakini nikiwa mkweli, sidhani kama tatizo letu kubwa ni hoja. Hizo hoja tatu nimezijibu kwa kurasa mbili. Kama ingekuwa ni hoja tu, mambo yangekuwa yamekwisha.

Tazama mkono wako wa kushoto, chini ya kiwiko. Kama ulizaliwa Kenya, kuna uwezekano mkubwa utaona kovu dogo la chanjo ya kifua kikuu. Kila mtu niliyekutana naye pale barazani analo, hata yule mzee aliyekuwa akipinga kwa sauti kubwa kuliko wote. Mama zetu walitupeleka kliniki wenyewe, wakapanga foleni, wakatunza kadi kwenye sanduku pamoja na hati za nyumba. Watu hawa hawaogopi sindano. Wameacha kumwamini anayeileta.

Na si bure. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini waliishutumu serikali kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake wa umri wa kuzaa ilikuwa na dawa ya kuzuia uzazi. Wizara na WHO wakakana, lakini neno likishatoka halirudi. Chanjo ya HPV ilipokuja 2019, chama cha madaktari Wakatoliki nacho kikaipinga. Habari hizo hazikubaki kanisani. Zilivuka Nyali Bridge, zikaingia misikitini na kwenye maskani yetu.

Halafu ikaja 2020. Serikali ilipofunga Mji wa Kale na kuleta upimaji wa korona, wakazi wengi walikataa kujitokeza. Magazeti yalituandika kama watu wakaidi. Lakini tuliokuwa ndani tunakumbuka sababu: ukipatikana nayo unapelekwa karantini, watu walikuwa wamesikia wenzao wakidaiwa pesa huko, na biashara zilikuwa zimefungwa wakati wa Ramadhani. Serikali ilikuja na askari kwanza, maelezo yakafuata nyuma. Ukimjia mtu hivyo mara moja, mara ya pili hata ukimletea uji atauliza umetia nini.

Mimi siandiki haya ili kuunga mkono kukataa chanjo. Naandika kwa sababu anayetaka kuifanikisha kisiwani lazima ajue anaingia nyumba ambayo mlango wake uliwahi kupigwa teke. Karatasi ya shule yenye mistari mitano haitoshi. Anahitajika muuguzi wa kike anayejulikana mtaani, aketi na kina mama saa nzima, aulizwe kila kitu, asikasirike. Anahitajika imamu aliyeelezwa vizuri kabla, si kupigiwa simu siku ya uzinduzi aje apigwe picha. Wanahitajika walimu wa madrasa, kwa sababu wao wanawaona watoto hawa kila siku jioni. Na anahitajika mtu wa kusema mapema kwamba mkono utauma, huenda kukawa na homa kidogo, wengine huzimia kwa woga, kwa hivyo mtoto akae dakika 15 kabla ya kuondoka. Usipoyasema wewe, mtoto wa kwanza akizimia video yake itayasema kwa namna nyingine.

Sindano kuwa moja kunarahisisha na kunatia uzito kwa wakati mmoja. Kunarahisisha kwa sababu hakuna tena kurudi baada ya miezi sita. Kunatia uzito kwa sababu ile siku moja ndiyo hiyo. Ikiharibika hakuna ya kusahihisha.

Nani atalipa bili?

Kuna upande wa pesa ambao vijana hatuuangalii sana. Sehemu kubwa ya gharama ya chanjo hii imekuwa ikibebwa na Gavi, muungano wa kimataifa unaosaidia nchi kununua chanjo. Kenya iko njiani kutoka kwenye msaada huo, na inatarajiwa kujitegemea kabisa kufikia mwishoni mwa muongo huu. Juni 2025 Marekani ikatangaza haitaendelea kuichangia Gavi. Mwezi huo huo kina mama humu nchini walikuwa wakirudishwa kliniki na watoto wachanga kwa sababu chanjo za kifua kikuu na polio zilikuwa zimeadimika.

Sindano moja badala ya mbili inapunguza bili kwa nusu, na hilo ni jambo jema. Lakini nusu ya bili bado ni bili. Kila bajeti inaposomwa sisi tunatafuta mstari wa mafuta na unga. Tutafute na mstari wa chanjo. Ukimshawishi mama wa Kibokoni akubali, kisha afike kituoni aambiwe "hakuna, rudi mwezi ujao", umempoteza, na amewapoteza jirani zake watano.

Na linganisha na gharama ya upande wa pili. Bima ya SHA ilipoanza Oktoba 2024, kikomo cha matibabu ya saratani kilikuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka ukijumlisha mifuko yote miwili. Aliyemuuguza mtu wa saratani anajua pesa hizo zinavyokwisha kabla ya mwaka kwisha, na kinachofuata ni mchango wa WhatsApp, kuuza dhahabu ya mama, halafu kuuza nyumba ya urithi.

Na mama zetu je?

Sasa nakuja kwenye sehemu iliyonikosesha usingizi. Kila mwaka zaidi ya wanawake 5,000 nchini hugunduliwa wana saratani hii, na zaidi ya 3,000 hufa. Ni kama matatu ya abiria 14 kujaa wanawake watupu na kupotea, kila siku mbili, mwaka mzima. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye sindano ya mtoto wa miaka kumi itamwokoa. Wao umri ule uliwapita kabla chanjo haijafika.

Kwao kuna kipimo. WHO limeweka lengo la 90, 70, 90 ifikapo 2030: asilimia 90 ya wasichana wachanjwe kabla ya miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe wakiwa na miaka 35 na tena 45, asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo watibiwe. Sisi tunapigania 90 ya kwanza na kuisahau 70 ya katikati.

Kipimo chenyewe si cha kutisha. Njia moja inatumia siki, asidi ile ile iliyo kwenye siki ya achari. Muuguzi anapaka, anasubiri dakika chache, sehemu yenye chembe zilizobadilika inageuka nyeupe. Majibu yanapatikana papo hapo. Ikiwa ni mabadiliko ya mapema, yanaweza kugandishwa kwa baridi kali au kuunguzwa kwa joto na mwanamke akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kuna na kipimo cha HPV chenyewe, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba, ndani ya chumba, mlango umefungwa, bila mtu kumwona. Kwa mji wa staha kama wetu, hicho kipimo kingepaswa kuwa kinajulikana kila nyumba. Wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi hatari yao ni mara sita zaidi, kwa hivyo wao wasisubiri hata kidogo.

Kama wewe ni mwanamke na umefika miaka 25, hii inakuhusu wewe mwenyewe, si mpwa wako tu. Damu inayotoka nje ya siku zako au baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, si ya kufanyiwa mvuke wala kungojewa. Na kama wewe ni mwanamume na umesoma mpaka hapa, una mama, una mke au utakuwa naye. Unajua kupanga foleni ya mafuta saa mbili. Mpeleke kliniki.

Jibu langu kwa dadangu

Wiki ilipokwisha nilikwenda Kibokoni jioni. Mpwa wangu alikuwa sakafuni akifanya kazi ya shule, viazi vya karai pembeni, ukwaju umemwagika kwenye daftari. Nikamweleza dadangu haya yote, kwa mpangilio huu huu. Aliuliza maswali mengi kuliko niliyoandika hapa. Mengine nilimwambia kamuulize muuguzi, mimi mwisho wangu ni hapo.

Akanyanyuka, akashusha ile karatasi kwenye friji, akatafuta kalamu iandikayo kwenye mkoba wa mtoto, akatia sahihi. Mpwa wangu akauliza kama itauma. Nikamwambia ndiyo, kidogo, siku moja au mbili. Akarudi kwenye hesabu zake.

Nilidhani tumemaliza. Nikiwa mlangoni navaa ndara, dadangu akanifuata ukumbini. Ana miaka 34, watoto watatu, hajawahi kupimwa hata mara moja. Akasema kwa sauti ya chini, mama asisikie, "Hicho kipimo cha siki ulichosema. Wanafanya siku gani?"